Gesi ya friji haiishi kwa kutumika

Jana Mwembetanga, hapa Unguja mjini, hata mkoba sijautua, bi mkubwa mwenye nyumba ananiambia: "Mwanangu, nitilie gesi tu, ile ya mwaka jana ishakwisha." Ni nyumba ya nne wiki hii. Nilimjibu kwa heshima zake, na nanyi nawaambia: gesi ya friji haichomwi kama mafuta ya taa. Ikipungua, pana tundu.

R-134a, mojawapo ya gesi za friji, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaigandamiza, kondensa inaipoza mpaka iwe majimaji, inapenya kapilari, bomba jembamba sana, inachemka na kubeba joto la chakula, inarudi. Ikiwa wazi hewani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo kazi hiyo inaiweza.

Kinachoniudhi hasa ni geji, kile kipimo cha presha. "Fundi mwenzio kapima, presha ipo, gesi imejaa." Presha ya mashine iliyozimwa haisemi gesi ni kiasi gani! Maadamu ndani mna majimaji, hata kidogo, presha hufuata joto tu. Chukua mitungi miwili ya R-134a, mmoja una kilo 1, mwingine kilo 10, iweke pamoja kivulini kwenye nyuzi 30. Geji itasoma presha ya paundi 97 hivi kwa inchi ya mraba kwa yote miwili. Mchana wa kaskazi itapanda, alfajiri itashuka, na hakuna aliyetia wala aliyetoa. Ndiyo maana natembea na mizani. Gramu zimeandikwa kwenye kibandiko cha friji, zifuate hizo.

Matundu yetu mengi ni ya chumvi ya bahari. Paje na Jambiani, kule pwani, kusi likivuma, kiungo cha shaba na alumini huliwa upesi.

Lakini tundu likiwa ndani ya povu la ukuta wa friza, povu la sabuni tunalotafutia tundu halifiki. Mwaka jana nilijaza friza ya muuza samaki Malindi, hapa hapa Unguja, bila kuliona tundu, maana samaki walikuwa wanaharibika. Bado nasitasita kama nilifanya sawa, maana gesi ile ingetoroka tena. R-134a haina klorini, kwa hiyo haiidhuru ozoni ya angani, ila kilo 1 ikitoroka hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Mkataba wa Kigali wa 2016 unazipunguza gesi za jamii hii kwa sababu hiyo.

Kwa bi mkubwa tundu lilikuwa nyuma, kwenye kiungo karibu na kompresa. Nililichomelea, nikavuta vakyumu, yaani nikaitoa hewa yote mabombani, nikapima gesi gramu 120.