Perishable: chakula kisichokaa

Wiki jana mwanafunzi wangu mmoja, mtunza depo hapa Bukavu, alinionyesha ripoti aliyomwandikia mkubwa wake kwa Kiingereza. Makasha mawili ya nyanya yalikuwa yameoza, naye akaandika: "The tomatoes are perishable." Mkubwa akamjibu kwamba hilo analijua, nyanya zote ndivyo zilivyo. Kijana akadhani anachekwa.

Kosa hili nakutana nalo kila mwaka, na wa kulaumiwa ni sisi walimu: tunafasiri perishable kwa "-a kuoza", tunasonga mbele. Neno hilo halisemi kitu kimeoza. Linasema hakichelewi kuoza.

Nenda soko la Kadutu asubuhi, usimame mbele ya mama mwenye beseni la sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) zilizovuliwa usiku. Zinameta, hazina harufu mbaya. Hizo ndizo perishable, saa hiyo hiyo zikiwa nzuri. Jua likizikuta hapo mpaka saa nane, matumbo yanapasuka, nzi wanahamia. Sasa sema rotten. Na zile zilizoanikwa zikakauka sawasawa ni non-perishable, pamoja na maharage makavu na unga wa muhogo. Mama mwenyewe ana tafsiri nzuri kuliko ya kamusi zangu: "Hii haikai, baba, beba sasa." Vyakula visivyokaa. Basi.

Kwetu tuliosomea Kifaransa, périssable inatusaidia. Finir ilizaa finish, punir ikazaa punish, périr ikazaa perish. Kiingereza kilichukua lile shina lenye -iss-. Ila mkazo uwe mwanzoni, PE-ri-sha-bol, usiburutwe hadi mwisho. Waenda kanisani wanakijua kitenzi chenyewe katika Yohana 3:16: palipo na "asipotee", Biblia nyingi za Kiingereza zina "not perish". Kwa watu huwa ni kufa katika janga, kama mashua kuzama. Bibi yako aliyefariki usingizini usimwandikie perished, tafadhali.

Kijana alifuta sentensi yake, akaandika "Two crates of tomatoes have rotted." Kisha akaniuliza: na jibini ya Masisi, gurudumu zima ambalo halijakatwa? Nikamwambia hiyo hustahimili wiki kadhaa hata bila friji. Kwangu lakini, mwenye watoto wanne, haikai.