Acheni kupima watafiti kwa h-indeksi peke yake

Mimi niko maktaba ya chuo hapa Kampala, upande wa kusaidia watafiti, na kila msimu wa promosheni wakuu wa idara wananiletea hadithi ile ile, eti dokta fulani wa afya ya vijana balehe ni mtafiti dhaifu manake h-indeksi yake, ile namba inayopima makala za mtu na mara zilizonukuliwa na watafiti wengine, iko chini ya mwenzake wa malaria. Banange, nimechoka kuisikia.

DHANA: h-indeksi kubwa ndio mtafiti bora.

UKWELI: Hapana. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, aliileta 2005 na hesabu yake ni nyepesi, h yako ni 10 kama una makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, basi, hakuna kingine humo ndani. Sasa chukua watu wawili wenye makala tano tano. Wa kwanza zimenukuliwa mara 300, 9, 6, 4 na 2, jumla 321. Wa pili 7, 6, 6, 5 na 5, jumla 29. Wa kwanza h yake 4, wa pili 5! Haya niambieni nani bora hapo. Tena kwa kawaida h haishuki, profesa amestaafu yuko kijijini na ng'ombe wake na namba bado inapanda, wakati binti aliyemaliza PhD juzi hata awe mkali vipi atakuwa na h ya 3. Na haiulizi ulifanya nini, ukiwa jina la mia na kitu kwenye zile makala za Global Burden of Disease, mradi wa kupima magonjwa ya dunia nzima wenye waandishi kibao, unahesabiwa nukuu zote sawasawa na aliyeongoza kazi.

Alafu kuna suala la fani. Malaria na HIV zina watafiti wengi dunia nzima, hela ipo, wananukuana wao kwa wao. Afya ya vijana balehe bado changa, hata umri wenyewe wanabishania, WHO wanasema miaka 10 hadi 19 na 2018 mtafiti Sawyer na wenzake wakaandika kwenye jarida la Lancet Child & Adolescent Health kwamba ifike 24. Kazi zake zimetawanyika pia, mimba za mapema ziko majarida ya uzazi, msongo wa mawazo uko ya afya ya akili, viboko viko ya elimu, na nyingine zinaishia kwenye ripoti za wizara na miongozo ya walimu ambayo Scopus, ile hifadhidata ya makala na nukuu, haiigusi kabisa. Mfano, Good School Toolkit, programu ya shirika la Raising Voices ya kupunguza ukatili shuleni, ilipimwa kwenye shule 42 za msingi kule Luweero, matokeo yakatoka Lancet Global Health 2015, na wanafunzi waliosema walimu wamewapiga wiki iliyopita walikuwa wachache zaidi kwenye shule zilizopata programu. Nukuu imepata, sawa, lakini yule mtoto ambaye hakuchapwa wiki ile anaingia kwenye h ya nani?

Ukilazimika kulinganisha, weka wa vijana balehe na wa vijana balehe, waliokaa kazini muda unaokaribiana, na usome makala zao mbili tatu. Ndio, kusoma, mnalipwa kwa hiyo.

DHANA: Google Scholar, ile injini ya Google ya kutafuta makala, inaonyesha nukuu nyingi kuliko Scopus, kwa hiyo mtu kadanganya.

UKWELI: Google Scholar inaokota tesisi, ripoti, vitabu, karibu chochote chenye sura ya kitaaluma, Scopus inachagua vya kuingiza. Kinachoharibu kweli ni majina. Kina Nakato na Wasswa wako wangapi nchi hii? Leo unaandika jina la ukoo mbele, kesho la ubatizo, unashangaa profaili yako ina makala za mihogo. Fungua ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, ni bure, uandike jina namna moja maisha yako yote. Hili nitalisema mpaka nistaafu.

DHANA: Jarida lina impakti fakta kubwa, basi makala yangu ni nzuri.

UKWELI: Ile ni wastani wa jarida kwa nukuu za makala za miaka miwili iliyopita, na makala chache zinazonukuliwa sana ndizo zinazouvuta juu. Yako inaweza kuwa na sifuri humo humo.

DHANA: Ikinukuliwa sana ni kweli.

UKWELI: Makala ya daktari Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na otizimu iliondolewa na jarida la Lancet 2010, na imenukuliwa mno, wengi wakiipinga. Nukuu ni nukuu hata ya kukusuta.

DHANA: Ukilipa jarida lililokuandikia imeili usiku, utapata nukuu haraka.

UKWELI: Utapata risiti. African Health Sciences ya hapa hapa Makerere inasomwa bure na iko PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, lakini mnairuka mnakimbilia mtu anayekuita "Dear Eminent Professor" na wewe bado uko masters.