Acheni kushusha robo toni kila mahali: Rast ya Istanbul si ya Cairo

Imenichosha sasa. Karibu kila somo la kuchanganya muziki wa asili wa Uturuki na wa Waroma (Wajipsi) na biti za kompyuta linarudia maneno yale yale: chukua skeli ya kawaida, shusha noti moja kwa robo toni, tia klarineti juu yake, kazi imekwisha. Haijaisha. Hapo ndipo inapoharibika.

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayorukwa. Nadharia ya Kituruki inagawa oktava katika koma 53, na koma moja ni senti 22.6 (nusu toni ya kinanda ni senti 100). Toni nzima ina koma 9. Tisa haigawanyiki nusu kwa nusu, basi inakatwa 4 na 5. Robo toni haimo kabisa.

Tazama Rast, mojawapo ya makamu, yaani mifumo ya noti ambayo nyimbo za huko hujengwa juu yake. Noti yake ya tatu iko koma 17 juu ya mwanzo, yaani senti 385. Kinanda kinakupa 400. Kinachotakiwa ni kushusha senti 15 tu! Ukishusha 50 unaangukia 350, na hapo umeshaikaribia Rast ya Cairo. Sisi wa pwani tunanaswa kirahisi zaidi, kwa sababu taarab ya Unguja ilichota mengi Misri, na sikio lililokua na ganuni na udi wa kwetu huiona ile ya chini kuwa ndiyo yenyewe. Kwa Cairo, sawa. Kwa mpigaji wa Istanbul, noti hiyo imezama. Vinanda vyenye kitufe cha skeli za Mashariki navyo kwa kawaida hufuata hesabu ya Kiarabu, kwa hiyo usikiamini kitufe, pima.

Makamu ya Uşşak ni ngumu zaidi. Tukianzia noti ya La, nadharia rasmi inaiweka noti ya pili, yaani Si, koma moja tu chini ya Si kamili (koma 9 juu ya La). Nota za muziki wa kijijini, zile za bağlama (ala ya nyuzi yenye shingo ndefu), huiandika Si bemoli yenye namba 2, yaani koma mbili chini: senti 158 juu ya La, au senti 42 chini ya Si ya kinanda. Wapigaji wengi huishusha kupita vitabu vyote viwili, na huishusha zaidi wimbo unapoteremka kuelekea La kuliko unapopanda. Namba moja ya kudumu haipo, na anayekupa moja anakurahisishia mno. Mimi huanza na 42, kisha naisogeza mpaka ikubaliane na mpigaji aliyepo.

Makamu ya Hicaz nayo: vitabu vinasema hatua zake za kwanza ni koma 5, 12, 5. Noti ya pili iko senti 113, ya tatu 385. Kinanda kinaweka 100 na 400, hivyo pengo la katikati linapanuka kutoka 272 hadi 300, na wimbo unageuka muziki wa jangwa la sinema. Wapigaji wengi hulibana pengo hilo hata kuliko vitabu.

Kwenye mashine, Ableton Live 12, programu ya kutengenezea muziki, inapokea mafaili ya Scala (yanayoeleza tyuni ya kila noti), na sinthesaiza nyingi pia. Tengeneza faili la makamu unayotumia. Sinthesaiza isiyokubali, tumia pichi bendi, amri ya kupinda noti juu au chini: upana wa nusu toni 2 kila upande, katikati ni 8192, basi senti 42 chini ni 6472. Lakini pichi bendi hupinda chaneli nzima, kwa hiyo besi na melodi zikae chaneli tofauti, la sivyo La yako inateremka pamoja na Si.

Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ndizo zinazoua nyimbo nyingi. Ukiweka kodi ya Mi maina (Mi, Sol, Si) chini ya Uşşak, Si ya kodi iko 493.9 Hz na ya klarineti iko 482. Zikilia pamoja unapata mtetemo wa karibu mara 12 kwa sekunde, halafu prodyuza anamlaumu mpigaji. Shikilia La na Mi peke yake. Kwinti, yaani umbali wa La hadi Mi, ya koma 31 ni senti 702, na sikio halitalalamika.

Mdundo nitaupita haraka. Tisa-nane (9/8, mapigo tisa kwa baa) ya Waroma wa Uturuki ni 2+2+2+3. Umbo la msingi la karşılama, ngoma ya mtindo huo, kwenye darbuka (ngoma ya kupigwa kwa mikono): düm (mlio mzito) pigo la 1, tek (mlio mkali) la 3, düm la 5, kisha tek tek tek la 7, 8 na 9. Weka mradi kwenye 9/8 tangu mwanzo. Kiki, ngoma nzito ya biti, ikienda kila mapigo mawili bila kusimama, baa ya pili inaangukia 2, 4, 6, 8 na mchezaji anapoteza mguu. Ipige 1, 3, 5, 7, kisha isubiri ile tatu imalizike. Kwantaizi (kunyoosha mapigo kwa kompyuta) usivuke asilimia 40, na ile tatu ya mwisho usiiguse kabisa: kila mpigaji anaivuta kwa namna yake, na ndiyo inayowainua watu kwenye viti.

Klarineti ya Sol, ile ya mfumo wa Albert (mpangilio wa zamani wa vitufe), haikai juu ya noti, inaiendea. Msikilize Selim Sesler, mpiga klarineti wa Keşan, aliyefariki mwaka 2014. Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti, iliyowekwa kasi ya sifuri inafuta njia yote hiyo. Lazima urekebishe? Sogeza kitovu cha noti kwa mkono, mteremko na mtikisiko uviache vilivyo.

Kwa mpangilio wa kazi: rekodi darbuka ya mtu kwanza, juu ya La inayoshikiliwa. Kisha klarineti au cümbüş (ala ya nyuzi inayofanana na banjo), mpigaji akisikia La hiyo tu masikioni, bila kodi. Besi na sinthesaiza ziingie mwisho, zikifuata tyuni aliyoiacha yeye. Ukianza na sinthesaiza, mpigaji mzuri atajilazimisha kuifuata, na utakuwa umemlipa ili apige kinanda chako.