Uhandisi hauna mlango mmoja

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu za wajomba na mashangazi haziishi. Mtoto ana C ya fizikia, hisabati kaambulia D, na kombi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) hakupangiwa. "Basi, uhandisi ndio umekwisha hivyo." Kauli hii nimeisahihisha kwa mdomo hadi nimechoka.

Dhana: Bila PCM ya kidato cha sita, huwi mhandisi

Tanzania ina njia nyingine, tena kongwe. Chuo cha ufundi ambacho leo tunakiita DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kilianza Dar es Salaam mwaka 1957, miaka 16 kabla Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakijafungua kitivo chake cha uhandisi. Aliyefaulu hisabati na masomo ya sayansi kidato cha nne anaweza kuomba stashahada hapo, au Chuo cha Ufundi Arusha, au MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya. Ni miaka mitatu. Wazee waliisoma kwa jina la FTC. Mhitimu anatoka akiwa fundi sanifu, na GPA, yaani wastani wa alama zake, ikiruhusu anaomba shahada.

Ukipiga hesabu, ametanguliwa na mwenzake wa kidato cha sita kwa mwaka mmoja tu. Ila anaingia chuo kikuu akiwa ameshachomelea vyuma, ameshavuta nyaya na ameshakemewa na msimamizi wa saiti. Mwaka huo mimi siuiti hasara.

Dhana: VETA ni ya waliofeli

Saiti haijengwi na wahandisi watupu. Uwiano unaotajwa sana hapa nchini ni mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi mchundo 25. Mchundo, anayefunzwa kwenye vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ndiye anayekunja nondo na kumwaga zege. Sanifu anapima na kukagua. Mhandisi anapiga hesabu za mzigo na kubeba lawama jengo likianguka. Kweli, uzoefu peke yake haumgeuzi fundi kuwa mhandisi, hata awe na mkono wa dhahabu. Lazima arudi darasani, na ngazi za kupandia zipo.

Dhana: Lazima uwe kichwa cha hesabu

Uzielewe, ndiyo. Lakini ofisini kompyuta ndiyo inayokokotoa. Wewe unatakiwa ushtuke jibu likija la ajabu.

Dhana: Uhandisi ni barabara na maghorofa

Yupo anayetengeneza mashine za eksirei na za kusaidia wagonjwa kupumua: DIT wanafundisha uhandisi wa vifaa tiba. Yupo wa umwagiliaji, ambaye huenda kasoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Yupo wa migodi. Vijana wanajazana kwenye ujenzi kwa sababu daraja linaonekana na mfereji wa mpunga hauonekani.

Dhana: Ukivaa joho, wewe ni "Eng."

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na ndipo wazazi wanaposhangaa: si alishamaliza? Kisheria bado. Wanaosajili wahandisi ni ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sheria ya mwaka 1997, na mwenye shahada anaanza kama mhandisi mhitimu tu. Ili awe mhandisi mtaalamu anahitaji kazi yenye usimamizi, na wengi huipata kupitia SEAP, mpango wa miaka mitatu ulioanza mwaka 2003. Anafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anaandika kitabu cha kumbukumbu, anapeleka ripoti, mwisho anaitwa kwenye usaili.

Kitabu hicho ndicho kinachowaliza. Kijana anafanya kazi miezi minane, anaahirisha kuandika, halafu msimamizi anahamishiwa mkoa mwingine. Nani atatia saini kazi ambayo hakuiona? Mimi nilipoteza karibu nusu mwaka hivyo hivyo, kwa uvivu wangu mwenyewe. Andika kila Ijumaa kabla hujatoka saiti, saini uipate wiki hiyo hiyo.