Kwa nini kampuni ikifilisika madalali hawaendi nyumbani kwa wenye hisa?

Mama anayeuza viazi soko la Marikiti, Nairobi, akikopa pesa za kuongeza stoki na biashara imwendee kombo, anayedaiwa ni yeye mwenyewe. Mambo yakifika mahakamani, madalali wanaweza kumfuata hadi Kayole wakabeba makochi, televisheni na friji. Sheria haitenganishi kibanda chake na sebule yake. Lakini kampuni yenye madeni ya mabilioni ikianguka, mwenye hisa hupoteza zile pesa alizonunulia hisa, basi. Nyumba yake Karen, gari lake na akiba yake haviguswi. Inakuwaje?

Ni kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu kamili. Ina jina lake, inamiliki mali, inakopa, inashtaki na kushtakiwa, na madeni yake ni yake peke yake. Kesi inayotajwa hadi leo katika mahakama za Kenya ni ya Aron Salomon, fundi wa viatu wa London. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye hisa 20,007: yeye akashika 20,001, mkewe na watoto watano wakapewa moja moja. Muda si mrefu kampuni ikaanguka, na wadai wakataka alipe yeye, maana kila mtu aliona kampuni ni Salomon na Salomon ni kampuni. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa. Kampuni ikishasajiliwa kihalali, ikasema, ni nafsi nyingine.

Kinga hii ilianza kutolewa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1855, lakini si kila kampuni ilikuwa nayo. City of Glasgow Bank haikuwa nayo ilipoanguka mwaka 1878. Wanahisa wake zaidi ya 1,800 walitakiwa kulipa madeni ya benki kutoka mifukoni mwao, na wengi wao wakafilisika pamoja nayo.

Hapo ndipo unaona faida yenyewe. Mwaka 2008 serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, mamia ya maelfu ya Wakenya walipanga foleni kwa madalali wa hisa na kwenye benki za Nairobi, wengine wakitumia pesa za chama. Nani angethubutu, kama kila mnunuzi angebeba pia madeni ya kampuni nzima? Bila kinga hiyo, mtaji mkubwa wa kutandaza mitambo ya simu au kujenga viwanda usingekusanywa kutoka kwa watu wasiojuana.

Lakini hasara haiyeyuki, huangukia mtu mwingine, na ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Nakumatt, supamaketi iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Ilidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Kampuni inapofungwa, benki iliyoshikilia mali kama dhamana hujitwalia mali hiyo. Kinacholetwa na mali iliyobaki hulipa kwanza gharama za mfilisi, yaani anayesimamia ufungaji. Kisha wafanyakazi: Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inawapa kipaumbele kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Ushuru hufuata. Aliyeleta maziwa, mkate au mboga na kukubali kulipwa baada ya siku 90 anasubiri nyuma yao wote, na mara nyingi akifikiwa hakuna kitu.

Na kinga yenyewe haimkingi kila mtu sawasawa. Fundi wa Kariobangi anaweza kusajili kampuni akiwa peke yake, lakini akienda benki kuomba mkopo ataambiwa aweke saini kama mdhamini, au alete hati ya shamba la babake. Akishatia saini, deni la kampuni limerudi kuwa lake. Mwenye hisa za kampuni kubwa haombwi saini hiyo. Kwangu huo si usawa: anayemudu hasara ndiye anayelindwa zaidi.

Mahakama pia inaweza kuiondoa kinga kampuni ikitumiwa kuwalaghai wadai, ila kuthibitisha ulaghai ni kazi ngumu na ya gharama. Ni rahisi zaidi kuuliza mapema. Kabla ya kupeleka mzigo kwa mkopo, yeyote anaweza kuomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hati iitwayo CR12. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, na kama mali yake imeshawekwa rehani. Ikiwa benki tayari imeshikilia kila kitu, mwenye lori la viazi ana haki ya kudai pesa taslimu kabla ya kushusha gunia la kwanza.