Mtetemo wa Pikapu Unafuata Nini?

Pikapu ikianza kutetemeka mwendo wa 80, wengi hukimbilia kubalansi matairi. Si kosa. Mara nyingi chanzo huwa hapo hapo, na wakati mwingine ni donge la tope tu lililokaukia ndani ya rimu. Mtetemo ukibaki baada ya hapo, usianze kununua vipuri. Jua kwanza unafuata nini: injini, mwendo wa gari, au mguu wako kwenye mafuta.

Kwenye barabara nyoofu isiyo na magari, fikisha mwendo ule unaotetemesha, kisha weka nyutro, gari liserereke. Injini usiizime, usukani na breki vinaitegemea. Mtetemo ukikatika papo hapo, shuku injini, maunting zake (raba zinazoishikilia), au kiungo kinacholalamika kikibeba nguvu. Ukiendelea na kufifia taratibu kadiri mwendo unavyoshuka, tafuta kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Je, ni tairi au propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma? Difu (gia za ekseli ya nyuma) ya 4.1 hutaka propela izunguke mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa kilomita 100 kwa saa, tairi lenye mzingo wa mita 2.3 huzunguka kama mara 12 kwa sekunde. Propela, karibu mara 50. Ndiyo maana tairi hutikisa usukani au kiti, ilhali propela huvuma: unaisikia kwenye nyayo, kama nyuki waliofungiwa debeni.

Kabla ya kuingia chini, zima gari na uweke kabari kwenye magurudumu. Shika propela kwa mkono mmoja na flanji, sahani inapofungwa kwa nati, kwa mwingine, uzisokote kinyume. Krosi, kile kiungo kinachopinda mwishoni mwa propela, ikiwa nzima haichezi hata kidogo. Tazama vikombe vyake pia: vumbi jekundu la kutu pembeni ni dalili kwamba beringi za sindano zilizo ndani zimekauka grisi. Pikapu inayotikisika wakati wa kuondoka tu, hasa ikiwa na mzigo, ikaguliwe raba ya senta beringi, ile inayoshikilia propela katikati.

Kinachowasumbua hata mafundi wazuri ni pembe. Krosi inayofanya kazi kwenye pembe haizungushi kwa mwendo mmoja. Huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili ndiyo hufuta kasoro hiyo, mradi pembe zao zilingane. Sasa mtu akiinua springi za nyuma ili gari lionekane refu, pua ya difu hubadili mwelekeo na ule ulinganifu hupotea. Hapo utabadilisha krosi hadi uchoke. Dawa ni kurekebisha mlalo wa ekseli kwa kabari za chuma chini ya springi.

Na kabla ya kufungua nati yoyote ya propela, piga alama ya rangi kwenye flanji na kwenye splaini, yale meno yanayounganisha vipande vya propela. Karakana yetu hupokea propela zilizofungwa tena kwa kukosea jino moja tu, na mwenye gari anaapa kuwa mtetemo umeanza baada ya matengenezo. Husema kweli.