Mradi ni wa nani kama mishahara inatoka nje?

Mimi nimefanya kazi ya bajeti za afya miaka mingi na nikifika kituo cha afya kitu cha kwanza naangalia meza ya nesi. Unakuta rejista tatu, mgonjwa yuleyule anaandikwa mara tatu, moja ya wizara, moja ya mfadhili wa VVU na nyingine ya mfadhili wa kifua kikuu, na hizo za wafadhili ndo zimejazwa vizuri, ya wizara ina mapengo kibao. Nesi hana kosa, anajua nani atakuja kukagua. Na anayekagua ndo mwenye mradi, hata kama bango la nje lina nembo ya serikali.

Ahadi zipo siku nyingi. Abuja 2001 viongozi wa Afrika walisema asilimia 15 ya bajeti itaenda kwenye afya, halafu Paris 2005 wafadhili nao wakasema watapitisha hela kwenye mifumo ya nchi husika na kupunguza vile vitengo vya miradi vinavyojiendesha pembeni. Pande zote mbili zimetekeleza nusunusu tu. Wizara ya fedha ikiona VVU ina wa kuilipia inapeleka hela kwingine, na siwalaumu wote maana madeni nayo yanakaba.

Basi Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada kwa siku 90, na ilipofika Julai USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa kabisa. Hata pale dawa zilipokuwepo stoo, watu ndo hawakuwepo, yani makarani wa data, washauri nasaha, wale wanaofuata wagonjwa walioacha dozi, wote walilipwa na mradi na hawamo kwenye ikama ya serikali. Angalia Afrika Kusini, ARV inanunua kwa hela yake, PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilibeba kama asilimia 17 tu ya gharama za VVU, na bado maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi.

Utaratibu wa Gavi, ule ushirika wa kimataifa wa kusaidia chanjo, naukubali zaidi, nchi inachangia chanjo tangu mwanzo, maskini kabisa walipangiwa senti 20 za dola kwa dozi, halafu mchango unapanda kadri uchumi unavyokua. Ni kidogo ila kinakaa kwenye bajeti na bunge linakiona.

Kwa hiyo wizara ikiniuliza ianzie wapi, naomba kwanza orodha ya watu wote wa miradi, kila mmoja na tarehe mkataba wake unapoisha, alafu tunapita jina kwa jina kutafuta nani ana kifungu cha mshahara serikalini.